Pistoni ya Tatu Usiifunge Kwanza

Barua

Fundi, shikamoo.

Miezi minne iliyopita nilinunua pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kupita porini na kwenye mchanga. Injini yake ni ya mipigo miwili, silinda moja, cc 200 hivi, inapozwa kwa upepo. Imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla yangu. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba imefanyiwa ovaholi: "Pistoni mpya, ringi mpya, wewe panda tu." Akanieleza pia kwamba pampu ya oili iliondolewa zamani, kwa hiyo niwe nachanganya oili na petroli mwenyewe.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Nikiachia mafuta, mlio ulikuwa unachelewa kushuka, unabaki juu kama sekunde mbili tatu ndipo unatulia. Injini ikishapata moto sawasawa ilikuwa inanguruma kwa kasi hata nikiwa nimesimama, nami nikawa napunguza ile skrubu ya kabureta. Siku moja nilivuta mafuta mpaka mwisho kwenye njia ndefu iliyonyooka. Nikahisi nguvu inakwisha, kama kuna mtu ameishika kwa nyuma, halafu magurudumu ya nyuma yakafunga ghafla. Nilirushwa pembeni, goti likachunika. Baada ya nusu saa kiki ilikubali kushuka, lakini injini haikuwa na nguvu tena.

Fundi wa huku kwetu alifungua akakuta pistoni imechubuka upande wa kutolea moshi. Akapiga msasa silinda, akafunga pistoni na ringi mpya. Haikumaliza hata saa nne za kuendeshwa, ikakamata tena, na mchubuko ni upande ule ule. Plagi ilitoka nyeupe kama chaki.

Sasa kila mtu ana lake. Fundi anasema pistoni zile zilikuwa feki. Kaka yangu anasema oili ilikuwa kidogo, niongeze mara mbili. Muuzaji anasema naendesha kwa fujo. Kuchanganya, huwa naweka vifuniko vinne vya chupa ya oili kwenye dumu la lita tano. Jambo jingine sijui kama lina maana: kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini kuna kichuchu kidogo ambacho zamani kilikuwa kinapokea oili kutoka kwenye pampu. Kimezibwa kwa kipande cha mpira kilichofungwa waya.

Pistoni ya tatu nimeshanunua, iko kwenye boksi. Mdogo wangu naye huwa anaiendesha, na naogopa akitupwa kama mimi. Niifunge, au niuze vyuma chakavu?

Msomaji mwenye pistoni mbili mezani

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa goti, na hongera kwa kutozitupa zile pistoni mbili, maana wengi huzitupa siku hiyo hiyo.

Ya tatu iache ndani ya boksi lake. Injini iliyokamata mara mbili upande ule ule haiombi pistoni, inaomba mtu aitafutie sababu, na mpaka sasa hakuna aliyeitafuta. Fundi wako alibadilisha kilichoharibika akaacha kinachoharibu. Na aliyekuuzia naye alifanya hivyo hivyo, nina hakika, kwa sababu hiyo "ovaholi" aliyokutajia ilikuja baada ya kitu fulani. Mtu akikwambia pistoni ni mpya, swali la kwanza ni hili: ya zamani ilipatwa na nini? Akibabaika, ujue unanunua ugonjwa wake pamoja na mashine.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana ukilishika hili mengine yote yatajieleza. Injini ya mipigo miwili ya aina yako haina oili inayokaa chini ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kama ile ya mipigo minne. Oili uliyochanganya inasafiri na petroli. Inapita kabureta, inapita kwenye ridi, zile ndimi nyembamba zinazofunguka na kufunga, inatua kwenye chumba cha krenki na kulainisha beringi, ndipo pistoni inaposhuka inausukuma mchanganyiko huo juu ya silinda ukaungue. Chumba cha krenki ndiyo pampu yenyewe. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta, ikishuka, kinasukuma. Sasa fikiria kuna upenyo mahali fulani baada ya kabureta, hata mdogo wa kupitisha unywele. Kila pistoni inapopanda, hewa inajipenyeza hapo bila kupimiwa petroli na bila kubeba tone la oili. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, na wakati huo huo kilainishi kinapungua. Ndiyo maana upenyo wa hewa unaua injini hizi haraka kuliko karibu kitu kingine chochote.

Sasa twende mezani kwako. Futa pistoni zote mbili kwa kitambaa chenye petroli, usizipige msasa, kisha zipeleke juani. Geuza upande wa kutolea moshi. Huko ndiko kunakopata joto kali zaidi, kwa sababu upande wa kuingizia hupozwa na mchanganyiko mpya kila unapoingia. Mchubuko ukiwa mkubwa upande wa moshi peke yake, umekaa kama mtu aliyepaka risasi iliyoyeyuka kwa kidole kutoka juu kwenda chini, na ringi zimebanwa na alumini iliyojikunja juu yake, hiyo ni pistoni iliyopata moto kupita kiasi kwa mchanganyiko mwepesi. Ndivyo ulivyoniandikia, na plagi nyeupe inasema hivyo hivyo.

Lakini linganisha na alama nyingine ili usiniamini mimi tu. Michubuko minne iliyosimama wima, kila mmoja kwenye pembe yake kama miguu ya stuli, maana yake injini ilivutwa mafuta ikiwa bado baridi: alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa, kwa hiyo pistoni ilivimba kabla silinda haijaifuata. Upande wa kuingizia ukiwa umesagika, umepoteza mng'ao na una mistari myembamba mingi, hilo ni vumbi lililopita kwenye chujio. Kingo za juu zikiwa na vishimo vishimo kama zimedonolewa na kuku, petroli ilikuwa inalipuka vibaya badala ya kuungua, na hapo chunguza petroli hafifu, kichwa kilichochongwa sana au cheche inayopiga mapema. Mchubuko wa kuzunguka pande zote, mkavu kabisa, na ile beringi ndogo ya pini inayoshika pistoni imebadilika rangi ikawa ya bluu, hapo ndipo ningesema oili ilikosekana. Pistoni zako zikiwa na alama hiyo ya mwisho, kaka yako ana haki. Zikiwa na alama ya upande wa moshi tu, hana.

Na pistoni feki? Zipo, wala simkatalii fundi wako. Lakini mbili mfululizo, mchubuko ule ule, plagi ile ile nyeupe, na dalili ambazo wewe mwenyewe ulizisikia wiki tatu kabla ya ya kwanza kufa! Mlio unaochelewa kushuka ukiachia mafuta ndiyo sauti ya upenyo wa hewa. Umefunga kabureta, hewa ingepaswa kukatika, lakini kuna mlango mwingine uko wazi, kwa hiyo injini inaendelea kukimbia. Ikipata moto, mpira unalegea, upenyo unapanuka, mlio unapanda. Wewe ukawa unapunguza skrubu ili isipige kelele. Sikulaumu, karibu kila mtu hufanya hivyo mara ya kwanza, ila tangu leo ukisikia mlio umekataa kushuka, zima injini hapo hapo na usiiwashe mpaka umejua sababu.

Kile kichuchu ulichosema hujui kama kina maana, mimi ndicho nilichokisoma mara tatu. Kiko baada ya kabureta, yaani mahali penyewe ambapo hewa hairuhusiwi kuingia. Kuondoa pampu ya oili si kosa, wengi wanaondoa, lakini anayeondoa anatakiwa kuziba vizuri sehemu mbili: pale pampu ilipokuwa imekaa kwenye injini, kwa bamba na gasketi yake, na pale oili ilipokuwa inaingilia. Kipande cha mpira na waya si kizibo. Kitoe ukikunje kwa vidole viwili. Kama kinaonyesha nyufa nyembamba kama ngozi ya kisigino kilichokauka, umempata mshukiwa wa kwanza. Weka kifuniko cha mpira kipya kinachostahimili petroli, na kibano chake, au badilisha mpira wote wa kabureta kwa ule usio na kichuchu.

Hata hivyo usikimbilie kufunga injini kwa furaha. Mashine ya zamani huwa na upenyo zaidi ya mmoja, na ule mkubwa huwa unauficha mdogo. Kuna sili mbili za krenki, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, moja kila upande, na hizi zikikaa miaka hukauka zikawa ngumu kama plastiki. Ya upande wa sumaku ya kuwashia ikivuja, inaingiza hewa kavu na matokeo yake ni haya uliyoyapata. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya giaboksi: moshi mwingi mweupe usiokwisha hata ikishapata moto, plagi inalowa, na oili ya giaboksi inapungua ingawa chini hakuna tone. Watu wengi hubadilisha kabureta nzima wakiukimbiza moshi huo.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha kuijaza injini upepo, nami naomba usikiruke hata fundi akikwambia ni kupoteza muda. Kitafanyika injini ikishafungwa pistoni, kabla haijawashwa hata mara moja. Ziba tundu la kutolea moshi kwa kizibo cha mpira kilichobanwa vizuri. Toa kabureta, na kwenye mpira wake ingiza kizibo chenye vali ya gurudumu la baiskeli katikati. Plagi iwe imekazwa mahali pake na pistoni iwe chini kabisa, ili upepo ufike chumba cha krenki na silinda kwa pamoja. Pampu ya mkono inatosha, lakini geji iwe ya vipimo vidogo. Jaza mpaka psi 6, yaani kama bari 0.4, usizidishe, maana ukifika 10 unaweza kuzisukuma sili zitoke mahali pake. Kisha ngoja dakika 6. Injini nzima isipoteze zaidi ya psi 1 kwa dakika, na ikiwa nzima kweli sindano ya geji haitikisiki.

Ikishuka, chukua maji ya sabuni na brashi ya rangi. Paka kwenye viungo vya mpira wa kabureta, chini ya silinda kwenye gasketi, kuzunguka kichwa, kwenye mshono wa nusu mbili za krenki, kwenye lile bamba la pampu. Kisha vua sumaku ya kuwashia kwa kifaa chake cha kuvutia, usiigonge nyundo, upake sabuni kwenye sili iliyo nyuma yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye injini yangu mwenyewe nilikuwa nimeshaua pistoni mbili kama wewe, na nilikuwa na hakika shida ni kabureta. Nilipopaka sabuni nyuma ya sumaku sikuona kitu. Nikasogeza taa karibu. Kwenye mdomo wa sili, upande wa chini, palikuwa na mapovu madogo kama chumvi, yanajitokeza moja moja na kupasuka bila sauti. Niliyatazama muda mrefu. Upenyo huo usingeingiza hata ncha ya pini. Sili iliyonimalizia pistoni mbili ilikuwa ndogo kuliko kiganja changu.

Kwa upande wa klachi huwezi kuona sili, lakini giaboksi ina mpira wake wa kupumulia. Chovya ncha yake kwenye kikombe cha maji wakati injini ina upepo. Mapovu yakitoka kwenye kikombe, sili ya ndani imekwisha. Watu wengine hunyunyizia kimiminika cha kusafishia kabureta juu ya viungo injini ikiwa inanguruma, wanasikiliza kama mlio unabadilika. Kwenye mpira wa kabureta inasaidia, lakini kwa sili haifiki, na dawa ile inawaka moto kwa urahisi. Mimi naamini geji.

Kuna jambo moja katika barua yako linaloweza kuwa na mzizi mwingine, nami sitaki nilifumbie macho kwa sababu tu nimeshapenda jibu langu. Nguvu ilikwisha kwenye njia ndefu, mafuta yamevutwa mpaka mwisho. Hiyo pia ni dalili ya petroli kutofika vya kutosha. Vua mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki na utazame dakika nzima. Ikianza vizuri kisha ikawa inadondoka, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi kumiminika, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Isiporudi, tazama kichujio cha koki. Ndani ya kabureta kuna jeti, vipande vyenye tundu dogo la kupimia petroli: jeti kubwa ndiyo inayolisha injini mafuta yakivutwa kuanzia robo tatu hadi mwisho, sindano inashughulikia katikati, na jeti ndogo inashika pale chini. Zitoe zote, ziangalie kwenye mwanga, zisafishe kwa dawa na upepo, kamwe usizichokonoe kwa waya wa chuma. Na kama mwenye wa zamani alibadilisha bomba la moshi au alitoa kifuniko cha boksi la chujio, injini inapata hewa nyingi kuliko jeti ya kiwandani ilivyopangiwa, na itahitaji jeti kubwa zaidi. Hilo fanya baada ya kumaliza upenyo wa hewa. Ukipanga jeti kwenye injini inayovuja utakuwa unapanga kitu kinachobadilika kila joto likibadilika.

Sasa kaka yako na oili yake. Anakupenda na anataka kukuokoa pistoni, lakini ushauri wake kwa hali yako unaongeza ubaya. Jeti ina tundu la ukubwa mmoja. Ukijaza oili nyingi kwenye petroli, katika kila tone linalopita pale petroli inakuwa kidogo zaidi, na kimiminika kizito kinapita polepole zaidi. Hewa haijapungua. Kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi zaidi, na ulikuwa mwepesi tayari. Lakini pia vile vifuniko vinne naomba viishe leo. Sijui kifuniko chako kinabeba kiasi gani na wewe hujui. Tafuta chombo chenye alama za mililita. Kwa uwiano wa 32 kwa 1, ambao mashine nyingi za aina hii hutumia, lita 5 za petroli zinachukua mililita 156 za oili. Kwa 40 kwa 1 ni mililita 125. Fuata kile kitabu cha mashine na chupa ya oili vinavyosema, na iwe oili ya mipigo miwili, si ya gari. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine kwenye tangi. Mchanganyiko uliokaa miezi usiutumie.

Kuhusu silinda, sikufurahishwa na ule msasa. Pistoni ikikamata, alumini yake hubaki imeganda kwenye ukuta wa silinda, na ukuta unaweza kuwa umepoteza uduara. Macho hayaoni hilo. Ipeleke kwa mtu mwenye kifaa cha kupima kipenyo, apime juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Kama ina silevu ya chuma, yaani bomba la chuma ndani ya silinda, sumaku itakwambia kwa kunata ukutani, itachongwa kwenda saizi inayofuata na utahitaji pistoni ya saizi hiyo, kwa hiyo hata ile ya boksini huenda isifae. Ni uchungu, lakini ni afadhali kuliko kuifunga ikafa. Kama ukuta ni alumini iliyopakwa nikeli, hiyo haichongwi hivi hivi, hupakwa upya.

Kabla ya kurudisha chochote, chini nako kusafishwe. Pistoni mbili zimechubuka, na vipande vyake vimeangukia kwenye chumba cha krenki, mahali penye beringi. Kusuuza kwa petroli injini ikiwa imesimama kunatoa vingine na kuvisukumia vingine ndani zaidi. Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ivute juu na kuisukuma chini bila kuizungusha. Ikicheza juu chini hata kidogo, au ukiizungusha ikakwaruza, krenki itoke, na sili zote mbili zibadilishwe wakati huo huo. Mimi kwenye mashine ya mkono wa nne ningezibadilisha hata kama zimefaulu kipimo.

Kwenye kufunga, mambo ni machache ila hayasameheki. Ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kipimo cha haraka ni kama 0.1 mm kwa kila 25 mm za kipenyo, lakini kitabu ndicho chenye neno la mwisho. Ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake, vile vijiti vidogo vilivyo kwenye mifereji ya pistoni. Klipu za pini ziwe mpya daima. Klipu iliyotumika mara ya pili ikichomoka inachimba mtaro kwenye silinda. Mshale wa pistoni uelekee kule kitabu kinakosema, kwa mashine nyingi ni upande wa moshi. Nati za kichwa kaza kwa msalaba, hatua kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu. Plagi iwe namba ile ile ya kitabu. Na kwa kuwa yako inapozwa kwa upepo, chukua mswaki uondoe matope yaliyokauka katikati ya mapezi ya silinda. Nimeona injini ambayo tope lilikuwa limejaza mapezi yote ya upande mmoja, imekuwa kama tofali. Hiyo ingekufa hata bila upenyo.

Chujio la sponji lioshwe, likauke kabisa, lipakwe oili yake mpaka libadilike rangi lote, kisha likamuliwe. Ukingo wake upakwe grisi. Ukipitisha kidole ndani ya boksi upande wa injini kikatoka na vumbi, basi pistoni nayo inalila vumbi hilo.

Siku ya kuwasha, iache inanguruma dakika chache mpaka mapezi yapate joto la kuhisi kwa mkono ulio karibu, zima, iache ipoe kabisa, rudia mara mbili tatu. Kisha endesha polepole kwa kubadilisha badilisha mwendo, usiivute mpaka mwisho kwenye matangi mawili ya kwanza. Baada ya hapo funga plagi mpya, ivute mafuta kwa muda mfupi kwenye njia ndefu, bana klachi na uzime hapo hapo bila kuiacha ingurume, utazame rangi ya ule udongo mweupe wa ndani. Kahawia ndiyo unayoitaka. Nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, unaweza kurudi nayo nyumbani. Nyeupe, isukume kwa miguu.

Mweleze mdogo wako haya mawili. Kwanza, kwenye mteremko mrefu asifunge mafuta kabisa akaiachia injini ndiyo imshikilie. Oili inakuja na petroli. Mafuta yakifungwa huku krenki inazunguka kwa kasi, pistoni inasugua kavu. Abane klachi na kutumia breki, au awe anagusa mafuta kidogo kidogo njiani. Pili, vidole viwili viwe juu ya mkono wa klachi muda wote, hasa kwenye mwendo. Nguvu ikianza kwisha kama ulivyohisi wewe, kuna nusu sekunde hivi kabla magurudumu hayajafunga. Akibana klachi ndani ya nusu sekunde hiyo, magurudumu yataendelea kuzunguka na atasimama akiwa bado amekaa juu yake. Mfundisheni mashine ikiwa imezimwa: wewe sema "sasa", yeye abane, mpaka mkono ufanye bila kungoja kichwa.